Kompyuta Iliyokatwa kwa Mkasi wa Bati

Blacktown,
Sydney, Australia.
Jumapili, 4 Mei 2025.

Mpendwa Kaka Godson,

Kwanza nisamehe. Tangu Septemba sijakuandikia hata mstari, na ulipopiga simu mara mbili wakati wa Krismasi niliiona ikiita nikaiacha iite mpaka ikachoka. Ningeweza kusema ni mtoto, ningeweza kusema ni kazi, na yote yangekuwa kweli, lakini hata mwenye watoto kumi hapungukiwi dakika ya kusema nipo. Sababu yenyewe nitakuambia huko mbele. Usiruke kurasa, nakujua.

Hamjambo hapo Bombambili? Mgongo wa wifi Brigitha umepoa, au bado anainama kwa kushika ukuta? Mama Mkubwa bado anakwenda misa ya kwanza kwa miguu na kuwasema wanaokuja kwa bodaboda? Mahindi je, yamekauka shambani au mvua imewacheleweshea? Na kibanda chako cha kutengeneza kompyuta, wale wapangaji wa mlango wa jirani wameacha kukuibia umeme? Natumaini nyote mna afya, na penye maumivu Mungu apapoze.

Sisi tu wazima, tumechoka tu. Adam anaendesha lori la mizigo kwenda Melbourne, siku tatu hayupo, akirudi analala na viatu. Nicole ametimiza miaka minne. Kiswahili anakisikia chote, hata nikimsema kwa kunong'ona, ila majibu yake yote ni Kiingereza, tena cha puani. Mdogo wake alizaliwa Oktoba, wa kiume, tumempa jina la marehemu baba. Sasa ameanza kutambaa, na anatambaa kuelekea chochote kinachoweza kumdhuru. Vitu salama havimpendezi.

Nakuandikia kwa mkono kwenye daftari la Nicole, kisha nitapiga picha kurasa nikutumie kwenye simu. Nikirekodi sauti watoto watapiga kelele hutasikia kitu. Na kompyuta siithubutu. Kompyuta ndiyo habari yenyewe.

Kazi yangu unaijua, kuhudumia wazee. Naondoka saa kumi na moja alfajiri, watoto nawapitisha mlango wa pili kwa Nkatha, jirani yangu Mkenya, Mmeru mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa kuliko mdomo. Amenilelea hawa watoto kama wake. Lakini mwezi wa sita Nkatha anaanza chuo cha uuguzi, na kuanzia siku hiyo mtoto wangu wa miezi minane sina pa kumweka. Kituo cha kulelea watoto kinataka mshahara wangu mzima, sasa nitakuwa nafanya kazi ili nilipie kutomwona mwanangu.

Hapo ndipo Mungu aliponionyesha mlango. Kule Granville kuna karakana ya makabati ya jikoni, mwenyewe ni Mrundi anaitwa Libère. Mwezi wa tatu nilimpelekea bawaba ya mlango iliyovunjika, nikamkuta anamchorea mteja jiko kwa penseli na mteja anakodoa macho haelewi. Nikamwambia nimesoma kozi ya jioni ya kuchora vyumba kwa kompyuta, mchoro ambao mteja anaona hadi jua linavyoingia dirishani. Nikamwambia pia baba yangu alikuwa seremala, najua droo iliyowekwa pembeni vibaya itagonga mpini wa droo mwenzake. Akasema kwa Kiswahili chao, "Mama, ulete dessin tatu. Majiko tatu, na mwangaza yake. Tarehe makumi tatu mwezi wa tano ni mwisho. Zikiwa muzuri, kazi ni yako, unafanyia kwako."

Kwangu, Kaka! Mtoto pembeni, chai mezani, nachora makabati. Nililia kwenye treni kutoka Granville mpaka nashuka, na wala sikuona aibu.

Kompyuta niliyo nayo ni ile ndogo nyembamba iliyotoka ofisini, waliyokuwa wanaitupa kule Adam anakopeleka mizigo. Ina miaka kumi. Kuandika barua inaandika, mchoro wenye mwanga inausukuma kama mzee anayepanda ngazi. Sasa kumbuka Septemba nilipokupigia, wakati naanza ile kozi. Nilikuuliza nifanyeje ili michoro iende, ukaniambia inahitaji kadi ya grafiki, kisha ukasema, nakumbuka kila neno, "Mdogo wangu, usinunue kitu. Fungua kifuniko, nipigie picha ya kibandiko cha pawa saplai, halafu nipimie kwa rula kimo cha nafasi ya kadi. Hizo ndogo zina maringo."

Nami nilikujibu nini? Nilikujibu, "Kaka, huku siyo Songea." Nikacheka. Nilikuwa na mimba ya miezi minane na kichwa kimenijaa Sydney. Nikawaza, fundi wa kibanda cha Bombambili atanifundisha nini mimi, huku duka la kompyuta lina ngazi za umeme. Ukaniuliza hali ya mimba, ukaniaga vizuri. Hiyo ndiyo sababu sijakuandikia. Niliona aibu, na baadaye, kwa yaliyotokea, aibu ikazaa wajukuu.

Sasa nikusimulie habari za Dunstan, na hapa uniwie radhi kwa ulimi wangu.

Dunstan ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, Watanzania Wakatoliki wa upande huu. Anataka aitwe Injinia. Kazi yake ni kupanga maboksi ghalani, kazi halali kama yangu, sina neno nayo. Neno langu ni hilo jina. Uinjinia wake wote ni bisibisi yenye vichwa sita, na ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kurudi kuangalia alichokitengeneza. Ameua televisheni ya familia moja hapa, ameua mashine ya kufulia vitambaa vya altare, na watu wanampikia na kumshukuru kama vile kifo cha mashine ni mapenzi ya Mungu.

Utauliza kwa nini hawamkatai. Kwa sababu Dunstan ndiye anayesimamia rambirambi. Mtu akifiwa huku, Dunstan ndiye anayetangaza kwenye kundi la simu, ndiye anayekusanya, ndiye anayesimama kanisani kusema mwenzetu amepatwa. Ukimkorofisha, siku ya msiba wako tangazo litachelewa, au litaandikwa mistari miwili. Basi watu wazima na akili zao wanampelekea redio zao akaziue, ili siku moja aje azike ndugu zao vizuri. Sijawahi kuona bima ya kijinga kama hiyo.

Nami nikaikata hiyo hiyo bima. Adam alimwambia habari za mchoro, na Dunstan akasema, "Mama Nicole asihangaike na madukani, mtu wetu nipo." Nilimwambia Adam sitaki. Adam akaniambia, "Usimkatae Dunstan. Baba yangu ni mgonjwa kule Mbinga. Siku ikifika, nani atatusemea?" Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko ninakokujutia kuliko yote.

Akachagua siku ambayo zamu ya jumuiya ilikuwa kwangu, maana Injinia hafanyi kazi bila hadhira. Jumamosi ya Kwaresima, nimepika wali na maharage, mtoto nimembeba mgongoni, watu kumi na wawili sebuleni. Dunstan akaingia na kitu kimefungwa kwenye taulo kama anayeleta mtoto mchanga abatizwe. Akafunua. Kaka, kadi ndefu kama tofali, feni mbili, na tundu la umeme juu yake.

"Mama Nicole," akasema, "hii inaitwa mnyama."

Nikamwuliza, "Umepima kama itaingia?"

"Injinia hapimi. Injinia anaona."

Akafungua kompyuta mbele za watu, hajagusa chuma kwanza kutoa umeme wa mwilini, hajachomoa hata waya wa ukutani, mpaka mimi nilipouchomoa. Akaisukuma ile kadi kwenye tundu. Ikaingia, lakini imesimama imepita ukingo wa boksi, nusu iko ndani nusu iko nje, kama mtu mnene kwenye shimi ya mtoto. Kifuniko hakifungi. Mwanamume mwenye haya angesema, nimekosea, nitarudi. Dunstan alisema, "Bati ni bati," akaenda kwenye gari lake akarudi na mkasi wa bati.

Akakikata kifuniko changu, Kaka. Wanajumuiya wanamtazama, mmoja anamshikia. Nkatha, ambaye si wa dini yetu wala wa jumuiya yetu, akasikia ule mlio akaja mpaka mlangoni. "Mama Nicole, huyu msee anatengeneza kompyuta ama anachinja?" Watu wakacheka, Dunstan naye akacheka, akadhani anasifiwa.

Bado haijatosha. Yule mnyama alitaka umeme wake mwenyewe, na pawa saplai yangu haina waya huo. Akatoa mfukoni kiunganishi, akachukua ule waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye diski na kwenye kile kisahani cha CD, akauchomekea mnyama. Kadi ikawa inaning'inia, maana bati lake la kuishikia halikukaa. Akaomba kitambaa. Nilidhani anataka kufuta jasho. Akachana kipande cha kanga yangu ya jikoni akaifungia kadi kwenye chuma isianguke.

Ikawaka. Watu wakapiga makofi. Dunstan akapiga picha akaiweka kwenye kundi na maneno "Vijana wetu wanaweza." Kisha tukasali, akala sahani mbili.

Walipoondoka nikafungua mchoro wa jiko la kwanza. Haikufika dakika nne, ikazima puu. Nikawasha, nikachora, ikazima. Nikampigia. Akasema ni dreva, ile programu ya kuendeshea kadi. Siku ya pili akasema ni Windows. Siku ya tatu akasema ni umeme wa nyumba za Blacktown, una mawimbi. Hakuna siku hata moja aliyosema ni Dunstan.

Siku ya nne mchana, nanyonyesha chumbani, Nicole akaja ameziba pua, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba kompyuta inanuka. Nikatoka mbio na mtoto kifuani. Plastiki ya ule waya ilikuwa inayeyuka, inadondoka kama mshumaa, na ile kanga yangu iko sentimita mbili pembeni yake. Kanga, Kaka! Nikavuta plagi ukutani kwa nguvu mpaka nikajigonga. Nikakaa chini sakafuni na wanangu wawili. Wakati ule sikulia. Nilishikwa na dharau, dharau safi isiyochanganywa na kitu, kwanza kwa Dunstan, kisha kwa mwanamke aliyeogopa kukosa tangazo la msiba mpaka akakaribia kuuleta msiba wenyewe nyumbani.

Jumuiya iliyofuata ilikuwa kwa watu wengine, Seven Hills. Nikaenda. Nimefua lile taulo la Dunstan, nimefunga kadi yake ndani, nikaiweka mezani mbele yake, katikati ya rozari na sahani ya karanga.

"Mwenyekiti, mnyama wako huyu hapa."

Akatabasamu lile tabasamu la kanisani. "Mama Nicole, mambo haya tungeyaongea mimi na Adam."

"Adam hakukata bati. Uliyekata ni wewe."

"Nilikusaidia bure."

"Bure yako nusura iniunguzie watoto. Nakuuliza mbele ya hawa uliowapigia picha: cheti cha uinjinia ulikipatia wapi?"

Mama mmoja akasema taratibu, "Jamani tusali." Nami nikasema, "Tusali, ndiyo, ila tuanze na sala ya toba." Sikupandisha sauti. Nilikaa, nikasali mpaka mwisho, nikaaga mmoja mmoja kwa mkono, naye Dunstan nikampa mkono.

Kabla sijafika kituo cha treni nilikuwa nimeshaondolewa kwenye kundi. Hakuna aliyenitetea, hata yule wa televisheni. Adam alininunia siku tatu. Ya nne akaniuliza, "Sasa baba akifa?" Nikamwambia, "Tutamlilia. Hilo halihitaji mwenyekiti." Usiku huo, kabla ya kulala, aliutafuta ule waya ulioyeyuka akaukagua kwa muda mrefu, na asubuhi akalitoa na yeye jina lake kwenye lile kundi. Mume wangu anachelewa, ila anafika.

Basi nikafanya ulichoniambia Septemba. Nikafungua, nikasoma kibandiko. Wati mia mbili na arobaini, hakuna waya wa pini sita, hakuna nafasi ya kadi ndefu. Kibandiko kimeandikwa kwa herufi kubwa! Ningekupigia ile picha ungeniambia yote haya kabla chai yako haijapoa. Miezi minane, kifuniko kimoja, waya mmoja na jumuiya nzima, vyote vimepotea kwa sababu niliona rula yako ni ya kishamba. Nimekukosea, Kaka. Nilikudharau, na aliyestahili dharau yangu nikampikia maharage. Naomba unisamehe, na usinijibu kwa upole sana, nitajisikia vibaya zaidi.

Nilikwenda pia kwenye lile duka lenye ngazi za umeme, usidhani sikwenda. Kijana wa pale aliitazama kompyuta yangu kama nimemletea paka aliyekufa. Nikamwuliza kama ana vipuri vyake. Akanionyesha pipa la kutupia vyuma. Akaniambia ninunue mpya, na akanionyesha moja inayowaka taa za rangi kama harusi ya Kihindi. Nikamwuliza hizo taa zinasaidia nini kwenye mchoro. Hakujua. Anauza kitu na hajui taa zake ni za nini! Angalau Dunstan alishika bisibisi. Huyu hata kifuniko hajawahi kufungua, anajua kutupa tu. Nikawaza kibanda chako, lile rundo la kompyuta hizi hizi zilizotoka kwenye maofisi ya huku na Ulaya, wewe umezipanga kama magunia ya kahawa na unajua kila skrubu yake. Kumbe ufundi wa mashine hii umehamia Songea, huku yamebaki mapipa.

Aliyenisaidia ni Vicky, msichana wa Dar anayesoma usanifu majengo chuo kikuu cha kule Kensington. Alikuwa na kadi ndogo fupi, isiyotaka waya wake, inakula umeme wa kwenye tundu tu. Akanipa kabla hajapanda ndege kwenda likizo. Tatizo, kadi hizo zinakuja na mabati mawili ya kufungia, refu na fupi, na Vicky amehama vyumba mara nne, bati fupi limepotea huko. Limebaki refu, ambalo kwa boksi langu halifai. Nikaichomeka bila bati.

Na inafanya kazi, Kaka! Inachora kama inaimba. Jiko la kwanza nimemaliza, lenye kaunta ya mawe na jua la asubuhi. La pili nimemaliza. Libère nilimpelekea, akayatazama muda mrefu, akanyoosha kidole kwenye kabati la juu akasema, "Mukono ya mwanamuke mufupi haifike hapa." Nikalishusha. Akaitikia kwa kichwa. Nilipotaka kumweleza shida za mashine akanikatiza, "Mama, historia ya mashine sitaki. Nataka dessin ya tatu." Sikukasirika. Ndiye mtu wa kwanza mwezi huu kunitaka kazi na si maneno.

Lakini la tatu ndilo kubwa kuliko yote, linahitaji mashine iwake masaa sita bila kukatika, na kadi isiyo na bati haijashikwa na kitu. Waya wa skrini unaivuta. Nicole akikimbia, kiza. Lori likipita, kiza. Juzi nilifika saa ya tano ya kazi, mtoto akagonga meza kwa kijiko, yote yakapotea. Na boksi liko wazi, feni inazunguka, na mwanangu kila siku anatambaa hatua moja karibu zaidi. Nimeipandisha juu ya kabati la nguo, nachora nimesimama. Ule waya wa diski umebaki kichwa kimoja kizima, nacho kimekuwa kahawia. Kikifa na chenyewe, diski haiwaki, na sina jiko la kwanza wala la pili, ila nakala niliyoweka kwenye flashi ambayo Nicole ameshaitafuna mara moja.

Nimeagiza vipuri mtandaoni. Vinakuja kwa wiki sita, na muuzaji hana uhakika kama matundu yatalingana. Mimi sina wiki sita. Vicky anaondoka Dar Jumamosi tarehe 17, amefikia kwa shangazi yake Tabata, namba yake nitakutumia na picha za kurasa hizi. Amekubali kunibebea vipuri kutoka kwako, orodha nimeiweka mwishoni. Ukimkabidhi kondakta wa basi la Dar mzigo huo kabla ya tarehe 14, utamfikia. Akifika huku tarehe 18, nabaki na siku kumi na mbili. Zinanitosha. Sihitaji zaidi, ila zikipungua, mwezi wa sita utanikuta nagonga milango na mtoto mgongoni natafuta wa kumwachia.

Nisalimie wifi Brigitha, mwambie asiinue ndoo, watoto wakubwa wapo. Nisalimie Mama Mkubwa, ila habari za jumuiya usimsomee, atafunga siku tisa kuniombea upatanisho na Dunstan, na mimi sijauomba. Wasalimie mafundi wenzako wa kibandani na watoto wote. Adam anakusalimu. Nkatha pia, hakujui, lakini anasema fundi anayetaka rula kwanza ndiye wa kuolewa naye.

Mungu akulindie macho na mikono, maana kwa hivyo viwili unalisha watu wengi. Mimi mdogo wako, niliyenyamaza kwa aibu na wala si kwa kukusahau,

Avelina, Mama Nicole.

Ninavyohitaji ni hivi, wala usiongeze zawadi. Dagaa wa Nyasa usiweke, forodha ya huku watamshika Vicky kama amebeba bunduki.

Moja, bati fupi la kadi ya grafiki, sentimita nane, lenye tundu moja pana la waya wa skrini na moja la mviringo pembeni yake. Nimechora umbo lake ukurasa wa nyuma kwa kipimo kamili, weka lako juu ya mchoro ulinganishe. Ukiwa na mawili yanayofanana, tuma yote.

Mbili, waya wa umeme wa diski, ule unaotoka kwenye mazabodi, ubao mkuu wa mashine, wenye vichwa viwili. Utoe kwenye mashine inayowaka, usiutoe kwenye rundo.

Tatu, kifuniko kizima cha mashine hii, chenye kitasa cha kuvuta upande wa nyuma. Kikwaruzo si neno. Kisiwe kimekatwa.

Nne, skrubu mbili za kufungia bati hilo kwenye kadi, ndogo kama punje ya mchele. Zifunge kwenye karatasi na uzibandike kwa gundi ya karatasi ndani ya kifuniko. Usiniambie nitazipata huku. Nimetafuta.